Hatua ya Kwanza ni Kitambulisho

Chemutai, mtoto wa Nyongesa, alikuwa amepotea wiki tatu. Alikuwa na miaka sita. Siku ya mwaka mpya, watu walipokuwa wakikimbia fujo za baada ya uchaguzi kwenye mashamba ya nje ya Molo, alirushwa juu ya lori la viazi, nyanya yake akavutwa juu ya lori lingine, na kwenye njia panda malori yakaachana. Lori la nyanya lilifika Nakuru. Lile la mtoto halikufika.

Nyongesa alikuwa fundi wa kompyuta katika duka la mzee Gurbachan, mjini. Hakuna chuo alichosomea. Aliingia pale akiwa mfagiaji, akawa mbeba masanduku, akawa mtu wa kushika tochi wengine wakifungua mashine, na mwisho akawa yeye anayefungua. Kutengeneza kurasa za mtandao alifundishwa na Sandeep, mwana wa mzee, ambaye alijua mengi ila hakuwa na subira ya kuyamaliza. Mke wa Nyongesa, Chepkemei, aliuza sukuma na kabichi sokoni. Walikaa chumba kimoja Kaptembwa na mtoto wao huyo mmoja. Shule ilipofungwa Desemba walimpeleka kwa mama yake Chepkemei, akanywe maziwa. Sasa mama huyo alikuwa ndani ya chumba, na mtoto hakuwemo.

Jambo hilo lilikuwa na uzito wake. Nyongesa ni Mbukusu, na kwao mwanamume na mama mkwe wake hawalali chini ya paa moja, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Chumba chenyewe kilikuwa futi kumi kwa kumi. Chepkemei alitundika shuka katikati, Kogo, kama walivyomwita mama, akakaa nyuma yake, na Nyongesa akahamia dukani kulala chini ya meza ya mashine mbovu. Asubuhi alipita nyumbani kunywa chai.

"Mwambie mama anywe chai, isipoe."

"Amekusikia, Baba Chemu. Yuko nyuma ya shuka, hayuko Kericho."

"Wewe mwambie tu."

Chepkemei akamwambia kwa lugha yao. Jibu lilikuwa fupi.

"Anasema atakunywa mtoto akirudi."

Nyongesa alimaliza chai yake akiwa amesimama. Hata angekuwa na neno, hakuwa na ruhusa ya kumwambia mwenyewe.

Walikuwa wameshamtafuta kila mahali pa kutafuta. Nyongesa alikwenda kituo kimoja cha polisi, askari wa zamu akaandika jina, halafu akainua kalamu. "Chemutai Nyongesa. Sasa huyu ni wa upande gani?"

"Ni mtoto wangu."

"Najua ni wako. Nauliza nimweke na wa upande gani."

Kaka yake alipiga simu kutoka Bungoma, si kumpa pole. "Tulikuambia huyo mtoto apewe jina la kwetu," alisema. "Angekuwa na jina la kwetu angekuja kula Krismasi kwetu. Saa hii angekuwa anakula mahindi hapa." Nyongesa alimwacha aongee mpaka kadi ya simu ikamwishia. Siku hizo kadi ya mia iliuzwa mia tatu, kwa hiyo kaka alikuwa amelipa pesa nyingi kumwambia hayo.

Kilichobaki kilikuwa ule ukurasa wa mtandao.

*

Ukurasa ulianza kwa wazee wa mji: wa msikitini, wa makanisani, na wa hekalu la Masingasinga anakosali mzee Gurbachan. Walikubaliana kila ukumbi uliokuwa na wakimbizi upewe kompyuta moja na mtu wa kujitolea, aandike watoto waliookotwa bila wazazi. Mzazi aliye kokote angeingia kwenye mtandao, aandike jina, aone kama mtoto wake yupo. Sandeep alisema duka litatengeneza bure. Kwa maneno mengine, Nyongesa atatengeneza.

Alitengeneza fomu moja ndefu, maswali arobaini na mawili, yote kwenye ukurasa mmoja. Ilionekana nzuri pale dukani. Tarehe ishirini Januari simu ya duka ililia.

"Hapo ni kwa Gurbachan? Mimi naitwa Mastura, nauza nguo Molo, sasa niko hapa ukumbi wa kanisa na kompyuta yenu. Namtaka aliyetengeneza hii fomu."

"Ni mimi, mathe."

"Ni wewe. Haya. Pole kwa kazi, lakini umenitesa. Nafika swali la thelathini na nane, mtandao unakatika, yote yanapotea, naanza upya. Mtoto mmoja nimemwandika mara tatu tangu asubuhi na bado hajaandikika. Ameshalala hapa kwenye kiti."

Nyuma ya sauti yake kulisikika watoto wengi, kama shule saa ya mapumziko.

"Nipe siku mbili," Nyongesa alisema. "Nitaikata vipande."

Akaikata hatua tano. Ukiingia unaona ya kwanza tu; unajaza, unabonyeza Endelea, ya pili inafunguka. Ni kama duka lenye vyumba vilivyofuatana, huingii cha ndani kabla ya kumalizana na cha mbele. Uzuri wake ni kwamba kila ukibonyeza Endelea, ulichojaza kinahifadhiwa papo hapo. Mtandao ukikatika kwenye hatua ya nne, za kwanza tatu ziko salama, unaendelea ulipoachia.

Lakini mashine haina akili. Ukirudi baada ya mtandao kukatika, lazima uioneshe alama ili ijue unaendelea na nani. Nyongesa alifikiri asubuhi nzima alama hiyo iwe nini. Jina halifai, majina yanafanana. Akachagua nambari ya kitambulisho ya mtu mzima anayemsimamia mtoto. Kila mtu mzima anayo, na hakuna mbili zinazofanana. Ikija nambari ambayo mashine imeshaiona, mashine ingefungua habari za mtoto yule yule na kuandika mapya juu ya ya zamani.

Sandeep alipitia kazi akiwa amesimama, funguo za gari mkononi. "Safi, boss. Sasa iko kama ya ng'ambo."

Nyongesa alijisikia vizuri. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze.

*

Tarehe ishirini na mbili Mastura alipiga tena. Dukani kulikuwa na foleni ya watu wa kupiga picha za pasipoti. Kila aliyekuwa na pesa alitaka pasipoti.

"Baba, hatua zako nimeziona. Ni tano, nzuri, nashukuru. Lakini hata ya kwanza hainipitishi. Inaniandikia maneno mekundu."

"Umeweka kitambulisho?"

"Cha nani? Mtoto wa miaka minne ana kitambulisho?"

"Cha mtu mzima anayemsimamia. Hatua ya kwanza ni kitambulisho, mathe. Bila hicho haisongi."

"Na asiye na mtu?"

Mteja mmoja aligonga kaunta kwa sarafu. Sandeep aliita kutoka ndani, karatasi za picha zimeisha.

"Weka cha yeyote aliye naye hapo," Nyongesa alisema.

"Aliye naye hapa ni mimi."

"Basi weka chako."

"Haya. Nilikuwa naogopa nitaambiwa nimeiba watoto." Akacheka. "Kwa sasa ni wangu wote, kwani nitafanyaje."

Nyongesa alikuwa karibu kuweka simu chini, akarudi. "Mathe, hapo hamna msichana wa miaka sita, anaitwa Chemutai? Ana pengo hapa mbele, la juu. Na mkono wa kushoto aliungua chai akiwa mdogo."

"Ni nani wako?"

"Ni wangu."

Mastura aligeuka akauliza watu ukumbini, sauti yake ikaenda mbali na kurudi. "Hayuko, baba. Lakini wanaletwa kila siku. Kuna waliowaficha majumbani, wanaanza kuwatoa. Akija namwandika huyo wa kwanza. Utamwona kwenye kompyuta yako kabla sijamaliza kumnawisha uso. Usihangaike kupiga simu, angalia tu kompyuta."

Maneno hayo Nyongesa aliyapeleka nyumbani kama nyama. Akamweleza Chepkemei hatua zote tano kwa kuzichora na kidole juu ya meza: hapa msimamizi, hapa jina na umri, hapa alikotoka, hapa alipo na afya yake, hapa unahakikisha yote na kompyuta inakuambia asante.

"Halafu wewe unamwona?"

"Papo hapo."

"Na ni wewe umetengeneza."

"Ni mimi."

Chepkemei akaitafsiri yote kuelekea kwenye shuka, taratibu, hatua moja moja. Jioni hiyo Kogo alikunywa nusu kikombe.

*

Tarehe ishirini na tatu, saa kumi jioni, Nyongesa alifungua ukurasa na kubonyeza Molo. Palikuwa na mtoto mmoja: Kipchoge, miaka minne. Kesho yake alibonyeza tena. Palikuwa na mtoto mmoja, msichana wa kama miaka miwili, jina halijulikani. Kipchoge hayupo.

"Yule wa jana ameshachukuliwa," alimwambia Chepkemei, aliyekuwa ametoka sokoni na kusimama nyuma ya kiti chake, aproni bado ina majani ya kabichi. Mwanamke mmoja kwenye foleni alivuta mkoba wake mbali na aproni ile. "Umeona? Siku moja tu, mwenyewe ameshampata. Inafanya kazi."

Alifurahi kwa ajili ya huyo mzazi asiyemjua. Huo ndio ukweli, alifurahi.

Tarehe ishirini na tano Nakuru yenyewe ikawaka. Duka likafungwa mabati, mzee Gurbachan na jamaa yake wakajifungia nyumbani, na Kaptembwa hakuna aliyetoka mlangoni bila sababu ya kufa na kupona. Nyongesa alirudi kulala kwake. Siku kumi yeye na mama mkwe wake walilala chumba kimoja, shuka katikati, yeye ameelekea ukuta huu, yule ameelekea ule. Alimsikia akiamka, akamsikia akikohoa kwa kujibana ili asisikike. Kwa haja ndogo mama yule aliteseka mpaka Chepkemei akamwambia mume wake, "Baba Chemu, nenda usimame nje kidogo," na nje kulikuwa na moshi.

Mtandao ulikuwa dukani tu. Siku hizo kumi hakuona ukurasa.

"Labda ameshaandikwa," Chepkemei alisema siku ya tano.

"Labda."

"Kama ameandikwa, haiwezi kufutika?"

"Haiwezi. Ikishahifadhiwa imehifadhiwa. Akiandikwa leo, hata tukifungua mwezi ujao tutamkuta."

Alisema hivyo kwa uhakika wa fundi, na Chepkemei akatulia.

*

Jumatatu, tarehe nne Februari, Sandeep alifungua duka nusu mlango. Nyongesa na Chepkemei walikuwa wanamngoja nje. Hawakusalimiana sana. Nyongesa aliwasha mashine, akangoja modemu ipige kelele zake, akafungua, akabonyeza Molo.

Mtoto mmoja. Mvulana, miaka mitatu.

"Hayuko," Nyongesa alisema.

Chepkemei hakuondoka. Alikuwa anaangalia kile kioo kama anavyoangalia gunia analoambiwa lina kilo tisini. "Baba Chemu, Molo nzima ni mtoto mmoja?"

"Ndivyo inasema."

"Kila siku mmoja?"

"Wengine wanachukuliwa."

"Nani anawachukua? Barabara ilifungwa. Mimi nanunua kabichi kwa watu wa Molo, waliniambia hata kabla haijafungwa kwamba ule ukumbi umejaa watoto mpaka mlangoni. Sasa hapa ni mmoja. Leo mmoja, juzi mmoja, kila siku ni mwingine lakini ni mmoja."

Nyongesa alifungua kiganja juu ya mouse, akakifunga. Halafu akaingia nyuma ya ukurasa, mahali ambapo watu wengine hawaingii, akatafuta mistari ya Molo. Ulikuwa mstari mmoja. Mwanzoni mwa mstari kulikuwa na nambari ya kitambulisho. Mwishoni kulikuwa na safu aliyoiweka mwenyewe, ya kuonesha fomu imejazwa mpaka mwisho mara ngapi. Iliandika kumi na tisa.

Akasikia sauti yake mwenyewe, siku ile ya foleni, ikisema basi weka chako.

Alipokuwa akichora zile hatua, kichwani mwake kila mtoto alikuwa na mtu wake mmoja. Hakuwaza mwanamke mmoja mwenye watoto kumi na tisa. Mastura aliandika wa kwanza, mashine ikamhifadhi. Akaandika wa pili kwa nambari ile ile, mashine ikaona ni yule yule, ikamfuta wa kwanza. Wa tatu akamfuta wa pili. Kila mara mashine ilimwambia Mastura asante.

"Nini?" Chepkemei aliuliza. "Umeona nini hapo?"

"Wako wengi. Nimewafuta."

"Umewafuta kina nani?"

Alimweleza. Hakumweleza vizuri, lakini Chepkemei alielewa haraka kuliko Sandeep, ambaye alikuwa amesimama mlangoni akisema, "Ngoja, ngoja, boss, kuna backup?" Hakukuwa na nakala yoyote. Majina yaliyofutwa hayakuwa mahali pengine. Walipiga simu ya Mastura mara saba, haikupatikana.

"Kesho kuna msafara wa polisi unaenda Molo," Sandeep alisema. Akatoa pesa mfukoni bila kuzihesabu. Nyongesa akazichukua, naye pia hakuzihesabu.

*

Jioni hiyo Kogo alitoka nyuma ya shuka. Alikaa kwenye kigoda mbele ya mkwe wake, akamtazama usoni. Nyongesa akainamisha kichwa.

"Niangalie," Kogo alisema kwa Kiswahili chake cha shida. "Adabu tutafanya mwaka mwingine. Kesho utauliza watu, lazima ujue kitu cha kuuliza."

Nyongesa akainua macho. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona vizuri. Alifanana sana na mtoto.

"Alivaa sweta ya kijani, ya shule. Chini alivaa long'i, suruali ya mjomba wake, nilikunja mara tatu. Viatu ilikuwa kimoja, kingine kilibaki kwa matope. Mimi nilikuwa nimeshika mkono. Mwanaume mwenye lori akasema watoto mbele, wazee nyuma. Mimi nikaachilia. Nikafikiria ni lori moja na lingine zinafuatana. Mimi niliachilia mkono, wewe ulifuta jina. Sasa nenda."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayegawa mzigo sawa.

*

Ukumbi wa kanisa wa Molo ulikuwa na sakafu ya simiti na madirisha matatu yasiyo na vioo. Saa tano asubuhi kulikuwa bado na ukungu. Mastura alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini hivi, amejifunga mtandio mpaka kidevuni, koti la kiume juu yake. Alikuwa anagawa uji.

"Mathe, mimi ni fundi wa kompyuta. Wa Nakuru."

Mastura aliweka kata chini. "Baba Chemutai?"

"Ndiyo."

"Mbona umechelewa hivyo, baba?"

Nyongesa akajua. Lakini mtu akijua bado huuliza, kwa hiyo akauliza, "Yuko wapi?"

Mastura alimshika mkono, akamkalisha kwenye benchi, akakaa karibu naye. Hakuzunguka.

"Aliletwa tarehe ishirini na tatu asubuhi na mama mmoja muuza viazi aliyekuwa amemficha kwake. Sweta ya kijani. Nilipoona lile pengo na ule mkono nikasema huyu ndiye. Mtandao ulikuwa umekatika tangu tulipoongea, uliporudi nikamwandika kabla ya wote, kama nilivyokuahidi. Hatua zote tano. Ikaniambia asante. Nikamwambia, baba ameshakuona kwenye kompyuta yake, anakuja. Akaniuliza, ananiona sasa hivi? Nikasema anakuona. Akachana nywele."

Nyongesa aliangalia mikono yake.

"Siku ya kwanza hukuja, nikasema ni kazi. Ikafuata ile vita yenu ya Nakuru. Nikapiga ile simu ya duka, inalia tu. Nikapiga mpaka simu yangu ikafa, nyingine sikupata. Nikasema ameshaona, njia ikifunguka atakuja. Yeye alikaa pale mlangoni, pale penye baridi, kila lori anasimama. Nikimwondoa anarudi. Kikaanza kikohozi, kikamshika kifua. Dawa tuliyokuwa nayo ilikuwa ya kichwa na ya tumbo. Alituacha Jumamosi alfajiri."

"Jumamosi hii?"

"Hii iliyopita. Tarehe mbili."

Mtoto mmoja alikuja na kikombe kitupu, Mastura akamjazia bila kusimama. Kisha akauliza kile alichokuwa amekihifadhi siku zote hizo. "Baba, niambie ukweli. Nilikosea kubonyeza? Maana nilifuata zote."

Nyongesa angeweza kunyamaza. "Hukukosea," alisema. "Ulifanya vile nilikuambia."

"Sasa kwa nini hukumwona?"

"Ile nambari yako. Kila ulipoandika mtoto mwingine, aliyetangulia anafutika. Nilitengeneza vibaya."

Mastura alimtazama. Midomo yake ilianza kuhesabu. Akainuka, akaenda mezani, akarudi na daftari la shule la kurasa arobaini na nane. Alikuwa ameandika humo majina yote kumi na tisa kwa mkono, na tarehe, kwa sababu hakuwahi kuamini kompyuta moja kwa moja. La kwanza lilikuwa Chemutai. Saa nne na dakika kumi asubuhi. La pili, Kipchoge, saa nne na nusu.

"Dakika ishirini," Mastura alisema. "Alikaa humo dakika ishirini." Akafunika uso na mtandio wake.

Kaburi lilikuwa nyuma ya kanisa, karibu na ua wa michongoma. Walikuwa wameweka ubao wenye jina lake moja tu. Udongo wa Molo ni mweusi na ulikuwa bado haujashuka. Nyongesa alivua kofia, akaivaa, akavua tena. Kitu alichokiona hapo ambacho hakikumtoka baadaye ni urefu wake. Kaburi lilikuwa fupi kuliko meza aliyolala chini yake dukani.

*

Chepkemei alimwona akija peke yake tangu mbali, kwenye ile njia ya Kaptembwa, na hakumngoja afike. Aliingia ndani, akakunja ile shuka ya katikati, akaketi kando ya mama yake. Kwa hiyo Nyongesa aliwaambia wote wawili kwa pamoja, ana kwa ana. Kogo alilia kwa lugha yao. Majirani waliingia, hata wale waliokuwa wameacha kuwasalimu mwezi mzima.

Alhamisi Nyongesa alikwenda dukani. Sandeep alimwambia arudi nyumbani, mtu aliyefiwa hafanyi kazi. Nyongesa akakaa kwenye kiti chake. Chepkemei alikuwa amemfuata. Mzee Gurbachan alimletea kiti mwenyewe, akasimama kando yake akiwa amefumbata mikono, akaondoka.

Nyongesa aliondoa kitambulisho kwenye hatua ya kwanza. Akaifanya mashine impe kila mtoto nambari yake yenyewe, mtoto awe na mtu, asiwe na mtu. Akajaribu kwa majina mawili ya uongo, yakakaa yote mawili. Akafungua daftari alilopewa na Mastura na kuwaandika upya wale kumi na wanane, mmoja mmoja, hatua tano tano. Kwa Kipchoge, wa kwanza wao, alimsogezea Chepkemei daftari, akamsomea yeye.

Kufikia Jumamosi watoto kumi na mmoja kati ya hao walikuwa wamepatikana na wazazi wao. Baba yake Kipchoge alikuwa akifungua ule ukurasa kila siku kutoka Ndabibi.

Lakini hiyo Alhamisi hawakuwa wamejua hayo. Alipomaliza, Chepkemei alifunga daftari.

"Ile ya kutengeneza imechukua muda gani?"

"Ile ya kitambulisho?"

"Hiyo."

"Dakika kumi na moja."

Chepkemei alitikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa bei. "Nihesabie siku," alisema.

"Siku gani?"

"Aliandikwa tarehe ishirini na tatu. Akafa tarehe mbili. Nihesabie zile barabara ilikuwa wazi, ungeweza kwenda."

"Mama Chemu, tuache."

"Hesabu. Wewe ni mtu wa hesabu."

Nyongesa alihesabu kwa vidole juu ya meza, na hakumtazama. Ishirini na tatu yenyewe aliiacha, kwa sababu ukurasa aliufungua saa kumi, na jioni magari hayakwenda. Ishirini na nne, ilikuwa wazi. Ishirini na tano mpaka ishirini na tisa, hakuna kilichopita. Thelathini, msafara wa kwanza wa polisi. Thelathini na moja, wa pili. Tarehe mosi, wa tatu. Msafara unatoka saa tatu asubuhi, unafika Molo saa tano.

"Nne," alisema. "Siku nne."